Kufasiri Vitenzi Ambatani na Nahau za Kiingereza: Funzo Kutoka Kigiriki

Miongoni mwa mambo yanayomtaabisha mfasiri wa Kiingereza, hakuna yanayomhadaa kama maneno madogo. Neno kubwa la kitaalamu humshtua, likamlazimu kufungua kamusi au kumwuliza mjuzi. Neno dogo halimshtui mtu. Kila aliyesoma Kiingereza cha shule ya msingi anajua maana ya "give", na anajua maana ya "up". Lakini maneno hayo yakiwekwa pamoja, maana aliyoijua haimo tena. "Give up" si kutoa, wala hapana kitu kilicho juu.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi vitenzi vya namna hiyo, pamoja na nahau zinazofanana navyo, zinavyopaswa kushughulikiwa na mfasiri. Tutaanza na Kigiriki kabla ya kufika kwetu, kwa sababu mbili. Kwanza, Kigiriki ni lugha yenye maandishi ya karne nyingi, na hata hivyo leo hupokea habari, filamu na hati nyingi kutoka Kiingereza, kama inavyopokea lugha yetu. Pili, mfasiri aliyezama katika lugha yake mwenyewe aghalabu haoni mitambo yake. Akiitazama lugha ya mbali ikitatua tatizo lile lile, hurejea kwake akiwa na macho mapya.

1. Kitenzi ambatani ni nini?

Kwa jina la kitenzi ambatani tunamaanisha kitenzi cha Kiingereza kilichoambatana na neno dogo la mahali au la mwelekeo, kama vile "up", "down", "in", "out", "on" au "off", vikawa kitu kimoja katika maana. Vitenzi hivi ni vya aina tatu, na kila aina inataka uangalifu wake.

Aina ya kwanza ni ile ambayo neno dogo linabaki na maana yake ya asili. "Go out" ni kutoka, na "sit down" ni kuketi. Aina ya pili ni ile ambayo neno dogo limepoteza mwelekeo wake na sasa linaonyesha utimilifu wa tendo. Mtu anaposema "eat up" hasemi kwamba chakula kinakwenda juu, bali kwamba kinaliwa kikaisha. Aina ya tatu ndiyo yenye hatari, kwani maana ya jumla haiwezi kupatikana kwa kujumlisha maana za sehemu zake. Humo ndimo zilimo "give up", "put off", "turn down" na nyingine nyingi.

Tena kitenzi kimoja huweza kuwa na maana zisizohusiana hata kidogo. "Take off" huweza kuwa kuvua nguo, au kupaa kwa ndege, au kupunguza bei. "Make up" huweza kuwa kutunga uongo, au kupatana baada ya ugomvi, au kujipamba uso, au kufidia pengo. Mfasiri asiyetazama muktadha hana njia ya kujua ni ipi iliyokusudiwa.

2. Njia ya Kigiriki

Kigiriki, kwa kawaida, hakifuati njia hiyo ya Kiingereza. Mwelekeo wa tendo hukaa ndani ya kitenzi chenyewe. Kupanda ni "aneveno", kushuka ni "kateveno", kuingia ni "beno", na kutoka ni "vyeno". Kila kimoja ni neno moja, kama ilivyo katika Kiswahili. Kwa hiyo Mgiriki anapotaka kufasiri sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba mtu "ran out of the house", hawezi kuifuata neno kwa neno. Husema kwamba mtu yule alitoka akikimbia. Kilichokuwa mkiani mwa Kiingereza, yaani kutoka, kinapanda na kuwa kitenzi kikuu. Kilichokuwa kitenzi kikuu, yaani kukimbia, kinashuka na kuwa maelezo ya namna.

Msomaji ataona mara moja kwamba hivyo ndivyo tusemavyo hata sisi: alitoka mbio. Mfasiri anayeandika "alikimbia nje ya nyumba" amesema jambo jingine kabisa, kwamba mbio zenyewe zilifanyika uwanjani. Vivyo hivyo, aliye"swim across" mto alivuka mto kwa kuogelea.

Njia ya pili ya Kigiriki ni viambishi awali. "Put off", yaani kuahirisha, ni "anavallo", neno lililoundwa kwa kiambishi cha kale kikitangulia kitenzi cha kutupa. Kipo pia kiambishi "xe-" ambacho, kikiwekwa mbele ya vitenzi fulani, hugeuza tendo kinyume. "Klidono" ni kufunga kwa ufunguo, na "xeklidono" ni kufungua. "Skepazo" ni kufunika, na "xeskepazo" ni kufunua. Kazi hiyo sisi huifanya kwa kauli ya kutendua, tofauti ikiwa tu kwamba Mgiriki huweka kiambishi chake mbele ya shina nasi huweka chetu nyuma yake.

Mfano mwingine ni wa taa. Mwingereza "turns on" na "turns off", yaani lugha yake imeshika kitendo cha kuzungusha kitufe. Mgiriki husema "anavo" na "svino", vitenzi vile vile vitumikavyo kwa moto. Mswahili naye huwasha na huzima. Umeme ulipofika, lugha hizi mbili ziliuona kuwa ndugu wa moto, wala hazikuhitaji kuazima kitufe cha Mwingereza.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Mgiriki hana mtego nyumbani kwake. Lugha yake inavyo vitenzi vichache vyenye neno la mahali nyuma yake, na hivyo ndivyo vinavyoponza. Kiingereza kina "fall out", ambayo maana yake mojawapo ni kukosana. Kigiriki nacho kina "pefto exo", ambayo neno kwa neno ni kuanguka nje. Lakini maana yake ni kukosea katika makisio. Mfasiri akipewa sentensi kwamba ndugu wawili "fell out", naye akafuata maneno, Wagiriki watasoma kwamba ndugu hao walikisia vibaya. Sentensi itakuwa sahihi kisarufi, itasomeka vizuri, na itakuwa ya uongo. Kosa la namna hii ndilo baya kuliko yote, maana halina alama ya kumwonya msomaji.

Liko pia suala la kiwango cha lugha. Kiingereza aghalabu kina maneno mawili kwa jambo moja: kitenzi ambatani cha mazungumzo, na neno lenye asili ya Kilatini la maandishi, kama "put off" na "postpone". Ugiriki ilikuwa na lugha mbili za namna hiyo kwa jumla yake: Katharevousa, iliyokuwa lugha rasmi ya serikali na wasomi, na Dimotiki, lugha ya watu. Dimotiki ilifanywa rasmi mwaka 1976. Mfasiri aliyelelewa katika mazoea ya lugha ya juu aliweza kumtia mvuvi kinywani maneno ya waziri. Kwa hiyo haitoshi maana kuwa sahihi. Yapasa pia neno lilingane na aliyelisema.

3. Njia ya Kiswahili

Tukirudi kwetu, tunaona kwamba Kiswahili hakina sababu ya kuona haya. Kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa neno dogo nyuma ya kitenzi, Kiswahili huifanya kwa shina la kitenzi na kwa mnyambuliko wake.

Tuanze na mwelekeo. Kiingereza husema "bring in", "bring out", "bring down" na "bring back". Kitenzi ni kimoja, mikia ni minne. Kiswahili husema ingiza, toa, shusha na rudisha. Mwelekeo umekaa shinani, na maana ya kusababisha, pale inapohitajika, imekaa katika kauli ya kutendesha. Mpangilio umegeuzwa, ila hakuna kilichopotea.

Kauli ya kutendua hubeba mzigo mkubwa wa "off", "out" na "up". Tunabandika na kubandua, tunachomeka na kuchomoa, tunakunja na kukunjua, tunafukia na kufukua. Tena tunaanika nguo, na mvua ikitishia tunazianua. Kwa kitenzi hicho kimoja, anua, Mwingereza hana budi kutumia maneno kadhaa ili aeleze kwamba kinachoingizwa ndani ni kitu kilichokuwa kimeanikwa.

Kauli ya kutendana huchukua maana za kukusanyika na za kuachana. "Get together" ni kukutana, "split up" ni kutengana, "fall out" ni kukosana, na "make up", katika maana ya kumaliza ugomvi, ni kupatana. Kauli ya kutendea nayo, ikifuatwa na neno mbali, huonyesha utimilifu usio na marejeo: katilia mbali, tupilia mbali, potelea mbali. Hapa Kiswahili kinakaribia sana "off" na "away" za Kiingereza, lakini kwa njia yake chenyewe.

Sasa tuchukue "give up" tuliyoanza nayo, tuipitishe katika miktadha mitano. Mgonjwa aliye"give up" amekata tamaa. Mvutaji aliye"give up" sigara ameacha sigara. Mhalifu aliyejipeleka polisi amejisalimisha. Jeshi lililoshindwa limesalimu amri. Kijana aliyemwachia mzee kiti garini amempisha. Vitenzi ni vitano, na hakuna hata kimoja chenye kutoa wala juu. Mgiriki naye hufanya vivyo hivyo: kwa sigara husema "amekata sigara", kwa kujisalimisha ana kitenzi kingine, na kwa kukata tamaa kingine tena. Jambo hili lathibitisha kwamba kipimo cha tafsiri si neno. Kipimo ni maana nzima ya fungu la maneno, mahali pale lilipotumiwa.

4. Nahau

Yaliyosemwa juu ya kitenzi ambatani yanahusu nahau kwa nguvu zaidi, kwani nahau hujengwa kwa picha, na picha hutoka katika maisha ya watu. Mwingereza, mvua ikizidi, husema kwamba wananyesha paka na mbwa. Mgiriki husema inanyesha miguu ya viti. Mswahili huitaja gharika. Kwa jambo la kufa, Mwingereza mwenye mzaha husema fulani "kicked the bucket", yaani amepiga teke ndoo, na Mgiriki mwenye mzaha husema fulani amekung'uta kwato za chuma. Mfasiri wetu akiandika "amefariki dunia" atakuwa ametoa habari ya kweli, lakini mzaha atakuwa ameuua pamoja na marehemu. "Amekata kamba" litafaa zaidi kinywani mwa mhuni wa mchezo wa kuigiza, kama vile "ameaga dunia" litakavyofaa katika tangazo la msiba.

Wakati mwingine lugha zilizo mbali hukutana bila kuazimana. Mgiriki aliyepigwa husema "amekula mti". Mswahili aliyepigwa amekula fimbo. Mwingereza hana picha hiyo, na mfasiri atokaye Kigiriki moja kwa moja angeipata tafsiri yake tayari. Lakini akipitia Kiingereza, picha itakuwa imekwisha kufutika njiani. Tunalitaja hili kwa sababu vitabu vingi vya mataifa mengine hutufikia kwa njia ya tafsiri ya Kiingereza.

Nahau moja inafaa kutazamwa peke yake. Mwingereza asiyeelewa jambo husema kwamba kwake hilo ni Kigiriki. Ni wazi kwamba Mgiriki hawezi kusema hivyo. Yeye husema kwamba kwake ni Kichina. Msemo wa Kiingereza umepata umaarufu kutokana na tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1963, na toleo lililosahihishwa likatoka mwaka 1969. Lakini ndani ya tamthilia ile maneno hayo si nahau tupu: msemaji anaeleza kwamba Cicero kwa hakika alikuwa akinena Kigiriki. Kwa hiyo mfasiri wa tamthilia hana budi kukiacha Kigiriki mahali pake. Mfasiri wa gazeti, akikutana na maneno yale yale katika kinywa cha mkulima anayelalamikia fomu ya mkopo, hana sababu ya kuwataja Wagiriki. Ataandika kwamba mkulima hakuambulia kitu, au ametoka kapa. Maneno ni yale yale, tafsiri ni mbili, na zote ni sahihi.

Hatusemi kwamba kila picha ya kigeni ifukuzwe. Kuua ndege wawili kwa jiwe moja kumeingia katika Kiswahili na kumezoeleka, kwa sababu ndege tunao, mawe tunayo, na anayeusikia msemo huo mara ya kwanza huelewa bila kufafanuliwa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nahau ya kigeni ipokelewe inapokuja na uponyaji, yaani inapoeleweka yenyewe na kutupa kitu tusichokuwa nacho.

Lakini wako wageni wanaokuja kumtoa mwenyeji kitandani. Tunasoma kwamba mkutano "ulichukua nafasi" Dodoma, badala ya kufanyika. Kuchukua nafasi kwetu ni kushika mahali pa mwingine, na msomaji anabaki akingoja kuambiwa mkutano ulichukua nafasi ya nini. Tunasoma barua isemayo "tunaangalia mbele kukutana nawe", badala ya kusema tunatazamia kwa hamu. Tunasikia kwamba herufi fulani "zinasimama kwa" jina la shirika, ilhali ni kifupi chake. Katika mifano yote hii neno la Kiswahili lilikuwapo, tena lilikuwa fupi zaidi.

5. Gharama ya kosa

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili si la umaridadi wa lugha tu. Jibu letu ni kwamba sivyo. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, huku Kiingereza kikiachiwa mahali pale haki itakapohitaji hivyo. Kiingereza cha sheria kimejaa vitenzi ambatani, na kila kimoja chaweza kumgharimu mwananchi.

Tuchukue tarehe ya shauri. Kiingereza cha "bring forward", kikihusu tarehe, ni kuifanya iwe mapema zaidi. Neno kwa neno, mtu ataandika kwamba shauri "limesogezwa mbele". Lakini Mswahili akiambiwa jambo limesogezwa mbele huelewa kwamba limeahirishwa. Shauri la tarehe 20 likiletwa tarehe 12, naye akaandikiwa hivyo, atakaa nyumbani siku ambayo jina lake linaitwa mahakamani. Tafsiri iliyo salama ni kusema wazi: shauri litasikilizwa mapema zaidi, tarehe 12 badala ya tarehe 20.

Tuchukue tena hukumu ambayo mahakama ya juu imei"set aside". Akiandika "imewekwa kando", mfasiri anamfanya msomaji adhani hukumu imehifadhiwa kwa muda. Hukumu hiyo imetenguliwa. Kauli ya kutendua, tuliyoieleza hapo juu, imekuja na neno kamili.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi. Katika mahakama za Afrika Mashariki shauri lili"lostruck out" kwa kasoro ya utaratibu, kwa kawaida laweza kuletwa upya kasoro ikisahihishwa. Shauri lililo"dismissed" baada ya kusikilizwa na kuamuliwa haliwezi kufunguliwa upya vivyo hivyo. Magazeti huandika kwamba yote mawili "yamefutwa", na neno hilo hilo hutumika pia upande wa mashtaka unapoyaondoa mashtaka wenyewe. Mambo matatu yamepewa jina moja, na aliyekuwa na haki ya kurudi mahakamani huenda asirudi kwa sababu ya neno.

6. Mapendekezo

Kutokana na tuliyoyaeleza, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, waandaaji wa orodha za istilahi wakipe kila kitenzi ambatani kiingizo chake chenyewe, wala kisifichwe chini ya kitenzi kikuu. Kila maana iwe na mfano wa sentensi, kwa kuwa maana ya vitenzi hivi haijulikani nje ya sentensi.

Pili, mfasiri ajizoeze kujiuliza maswali mawili kabla ya kuandika: Je, mwelekeo uliomo katika neno dogo umekwisha kuwamo katika shina la Kiswahili? Ikiwa haumo, ni kauli gani ya mnyambuliko itakayoubeba? Akikosa jibu katika maswali hayo, ndipo aitafute nahau, na mwisho kabisa ndipo afikirie kuazima.

Tatu, katika lugha ya sheria istilahi zitenganishwe kulingana na matokeo yake. Kwa shauri lenye kasoro ya utaratibu tunapendekeza kuondoa shauri. Kwa lililoamuliwa dhidi ya mleta maombi, kutupilia mbali. Na kufuta kuachwe kwa upande unaoyaacha mashtaka yake. Iwapo wanasheria watapendelea maneno mengine, si neno. Muhimu ni kwamba yawe matatu, wala yasichanganywe.

Nne, tafsiri isomwe kwa sauti mbele ya mtu asiyejua Kiingereza kabla ya kuchapishwa. Mtu huyo hawezi kulisahihisha kosa kwa kukumbuka maneno ya asili yaliyo nyuma yake, kama afanyavyo msomi bila kujitambua. Akisema kwamba shauri limesogezwa mbele maana yake ni kungoja zaidi, hana kosa. Sentensi ndiyo yenye kosa, nayo yapasa iandikwe upya.